Arobaini ya Mchanga

Aliletwa ndani ya boksi, peke yake, na huenda akiwa na mimba. Kumpatia mwenzi wa kuishi naye kulichukua zaidi ya nusu mwaka.

Mwanamama aliyemleta hakuvua koti. Alisimama mlangoni, theluji nyembamba ikiwa bado mabegani mwake, akanikabidhi boksi la kadibodi lililotobolewa matundu ya hewa, kisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, aliyemo humu ametenganishwa na wenzake tangu juzi, na aina yake haikuumbwa kuishi peke yake. La pili, huenda ana mimba.

“Huenda,” alirudia. “Siwezi kukuapia.”

Ilikuwa jioni ya Januari mjini Leicester, Uingereza, ninakoishi na binti yangu wa miaka 11. Kwa miezi mingi mtoto alikuwa akiomba mnyama wa kufuga, nami nilikubali kwa sharti moja: hatutanunua dukani, tutampokea asiye na pa kwenda. Kituo cha kuokoa wanyama kilicho jirani kilikuwa kimezidiwa. Kilikuwa kimepokea jerbili 14 kutoka nyumba moja, wote wazao wa wawili walionunuliwa wakiitwa dada. Mmoja wa hao dada alikuwa dume.

Kosa hilo hutokea mara nyingi. Jerbili mdogo wa kiume na wa kike wanafanana mno. Kinachowatofautisha ni nafasi kati ya matundu mawili yaliyo chini ya mkia, ambayo kwa dume ni kubwa na kwa jike ni finyu. Jicho lisilozoea halioni. Wiki kumi hazipiti kabla hawajapevuka, na mwezi mmoja baadaye nyumba ina watoto ambao hakuna aliyewatarajia.

Tulipofungua boksi, tulitazamwa na macho mawili meusi yanayong’aa kama mbegu za mpapai. Manyoya yake yalikuwa ya rangi ya ufukwe uliokauka, mkia mrefu uliishia kwenye kishungi cheusi. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akanusa hewa ya nyumba yetu, kisha akajichimbia ndani ya karatasi.

“Aitwe Mchanga,” alisema binti yangu.

Hakujua alivyopatia. Mchanga ni kule jangwani ulikotoka ukoo wake, na mchanga ni mtoto ambaye hajafumbua macho.

Mgeni wa jangwani

Jerbili ni mnyama mdogo wa jamii ya panya. Mkubwa huwa na gramu 60 hadi 100, yaani uzito wa yai la kuku, au yai moja na nusu. Jina lake lina asili ya Kiarabu, kutoka neno ambalo watu wa jangwani walimwita panya mrukaji. Jamaa zake wa mbali wako kwetu pia: kuna jerbili wa mwituni katika nyanda kavu za Tanzania na Kenya, wanaotoka mashimoni usiku na kurudi kabla jua halijapanda.

Anayefugwa majumbani ni jerbili wa Mongolia. Mwaka 1866 padri Mfaransa Armand David, yuleyule ambaye miaka mitatu baadaye aliwajulisha watu wa Ulaya mnyama aitwaye panda, alipeleka Paris vielelezo vya panya wa manjano kutoka kaskazini mwa China. Mwaka uliofuata mwanazuoni Alphonse Milne-Edwards alimwandika katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1935 watafiti wa Japani walikamata jozi 20 katika bonde la Mto Amur. Mwaka 1954 jozi 11 za wazao wao zilipelekwa New York, kwa Victor Schwentker, aliyekuwa akizalisha wanyama wa maabara. Kati ya hao, tisa tu ndio walioacha kizazi. Baada ya miaka kumi wajukuu wao walivuka bahari na kufika Uingereza. Mchanga aliyekuwa sebuleni kwangu alibeba damu ya hao tisa.

Kwao, katika nyika za Mongolia, baridi hushuka hadi chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Ni vigumu kwa jerbili kuumaliza msimu wa baridi peke yake. Wanaishi kifamilia katika mashimo marefu, wanarundika mbegu za akiba pamoja, wanalala wamelaliana kama ndizi kwenye chane. Akihisi hatari, mmoja hupiga ardhi kwa miguu ya nyuma, du-du-du-du, na familia nzima hutoweka chini. Upweke kwake una maana ya kutokuwa na wa kumpasha joto wala wa kumpigia ngoma ya hatari.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, inalitambua hilo kwa namna iliyonikaa moyoni. Inamtaka mfugaji atimize mahitaji matano ya mnyama, na mojawapo ni kuwekwa pamoja na wanyama wengine, au mbali nao, kadiri mnyama huyo anavyohitaji. Pamoja, au mbali. Siku ile niliisikia nusu ya kwanza tu. Mchanga ndiye aliyenifundisha ya pili.

“Sisi tulizika watu”

Habari zilifika Tanga, anakoishi mama yangu, kabla sijapata nafasi ya kuzipeleka mwenyewe. Binti yangu alimtumia bibi yake picha, na simu ikaita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia mmeingiza panya ndani.”

Mama yangu alizaliwa Lushoto. Kuanzia mwaka 1980 na kwa zaidi ya miaka 20, tauni ilikuwa ikizuka tena na tena katika vijiji vya wilaya hiyo, katika Milima ya Usambara. Watoto na akina mama ndio walioumia zaidi. Kwa mama, panya hajawahi kuwa mnyama wa kuchezea, na hofu yake haikuwa ushamba. “Sisi tulizika watu,” aliniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Sikumbishia. Nilimweleza polepole. Tauni huambukizwa zaidi na viroboto wanaotoka kwa panya wa mwituni, na ni kweli kwamba huko Asia ya Kati wako jerbili wa porini wanaobeba vijidudu hivyo. Lakini huyu amezaliwa ndani, na mama yake, na bibi yake, vizazi kwa vizazi bila kukanyaga udongo wa nje. Nilimwambia pia kwamba tunanawa mikono kabla na baada ya kumshika, na kwamba tangi lake haliko jikoni.

Alinyamaza kidogo, kisha akamkumbuka Magawa. Nani Tanzania asiyemkumbuka? Panya buku aliyezaliwa Morogoro, akafunzwa na shirika la APOPO lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akaenda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Mama alimwona kwenye taarifa ya habari akiwa amevishwa nishani kifuani.

“Basi kama si wa mwitu, mfugeni kwa usafi,” alisema. “Lakini hiyo mimba, mmeijuaje?”

Mizani ya jikoni

Hatukuwa tumeijua. Mimba ya jerbili huchukua siku 24 hadi 26, na kwa sehemu kubwa ya muda huo haionekani. Mwanamama wa kituo alinikanya nisimbonyeze tumbo kutafuta watoto, kwa sababu vidole vyetu vinaweza kuwaumiza. Kuna jambo jingine linaloharibu hesabu: jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache baada ya kujifungua. Akiwa ananyonyesha uzao wa kwanza, vijusi vya uzao wa pili husubiri tumboni bila kujipachika, hivyo mimba inaweza kurefuka hadi kupita siku 40. Kwa hiyo anayempokea jike aliyewahi kukaa na dume hahesabu tangu siku ya kumpokea. Huhesabu tangu siku dume alipoondolewa, na haharakishi kusema hakuna kitu.

Tulifanya yaliyowezekana. Tulitafuta tangi refu la kioo, tukalijaza maranda na nyasi kavu kiasi cha sentimita 30, ili achimbe mahandaki yasiyobomoka. Tukampa mirija ya kadibodi inayobaki karatasi ya chooni ikiisha, naye akaitafuna yote kwa usiku mmoja na kuifanya tandiko. Tukampa ulezi, shayiri na alizeti kidogo, maana alizeti kwake ni kama vitumbua kwa mtoto, ataacha vingine vyote. Tukaongeza kipande cha yai la kuchemsha, kwa sababu anayejenga miili mingine tumboni anahitaji kitoweo.

Kila baada ya siku mbili tulimpima kwa mizani ya jikoni tuliyoitenga kwa kazi hiyo. Hatukumshika mkia hata mara moja. Ngozi ya mkia wa jerbili huchomoka kama ala ya kisu ukiuvuta, na haioti tena. Binti yangu aliweka kikombe, Mchanga akaingia mwenyewe kwa udadisi wake, tukasoma namba. Gramu 66. Gramu 67. Gramu 67. Wiki ya pili ilipofika gramu 74, binti aliiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Kumbe mgeni si wa kukaribishwa

Wakati huohuo kila aliyetutembelea alikuwa na ushauri uleule: mleteeni mwenzake. Jirani alijua mtu mwenye jerbili jike aliyebaki peke yake. Mwanafunzi mwenzake na binti yangu alikuwa na hamsta. Kwa moyo mwema wote walitaka kumwondolea upweke.

Sisi tuliolelewa Pwani tumekua na msemo kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone. Kwa jerbili, mgeni huja ili mmoja wao afe. Familia yake haitambuani kwa sura. Katikati ya tumbo ana tezi ndefu isiyo na manyoya, anayoiburuza juu ya mawe, juu ya tandiko na juu ya ndugu zake, hadi wote wanakuwa na harufu moja. Asiye na harufu hiyo ni mvamizi. Husimamisha manyoya, hupigana kwa kifua kama wanamasumbwi, kisha hufungamana kama mpira na kuviringika wakiumana. Wakifikia hapo usitie mkono mtupu, vaa glavu nene au wafunike mmoja kwa bakuli. Jike mzima akiletewa jike mzima mwingine ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na mwenye mimba ni mkali zaidi. Hamsta ndiyo kabisa haifai. Huyo kwa asili yake anaishi peke yake.

Kwa hiyo dawa ya upweke wa Mchanga, kwa wakati ule, ilikuwa kumwacha peke yake. Ilikuwa vigumu kwa mtoto kuelewa, na haikuwa rahisi kwangu. Usiku nilimsikia akichimba kwenye pembe ya kioo, kr-kr-kr, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza katika nchi hii. Kila mtu aliniambia nitoke, nikutane na watu. Nilitoka, nikakutana nao, nikarudi chumbani nikiwa mpweke kuliko nilivyotoka. Kilichonisaidia kilikuwa khanga aliyonivisha mama uwanja wa ndege tulipoagana, ambayo sikuifua kwa miezi mitatu kwa sababu ilikuwa na harufu ya udi wake. Mchanga hakuwa na khanga. Alikuwa na harufu yake mwenyewe tu, na pengine, ndani yake, watu wake.

Mzazi hasumbuliwi

Siku ya 19 tangu aje, alfajiri, tulisikia sauti nyembamba kutoka chini ya maranda, kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha nyingine. Hatukufunua. Saa za jioni Mchanga alitoka kunywa maji, tumbo limeshuka, naye akarudi mbio. Kupitia kwenye kioo tuliona, katika mwanya wa tandiko, vitu vitano vyekundu, kila kimoja kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.

Nilimpigia mama.

“Amejifungua,” nilisema.

“Salama?”

“Salama.”

“Basi huyo sasa ni mzazi,” alisema. “Mwacheni amalize arobaini. Msimletee watu.”

Pwani yetu inajua maana yake. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40, hupikiwa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto, na mlango wake hauingiwi ovyo. Nilipokwenda kwa mwanamama wa kituo kuuliza, jibu lake, kwa lugha nyingine na kwa hesabu nyingine, lilikuwa hilohilo: usisafishe tangi kwa wiki tatu za kwanza, usiguse tandiko, usimtambulishe kwa jerbili yeyote hadi watoto waache ziwa na wawe na wiki tano au sita. Wiki sita ni siku 42. Mama yangu, ambaye hajawahi kumgusa jerbili, alikosea kwa siku mbili tu.

Tuliondoa gurudumu la mazoezi ili lisije likawabana watoto. Tulishusha maji yafikiwe na wadogo. Siku ya pili tulimkuta mmoja wa watano amekufa, amesukumwa kando ya tandiko. Binti yangu alilia, tukamzika bustanini ndani ya kiberiti. Mtoto wa jerbili huzaliwa na gramu mbili na nusu au tatu, hana manyoya, haoni, hasikii. Si wote wanaodumu.

Wanne waliobaki tuliwafuata siku kwa siku kupitia kioo. Baada ya wiki moja walivaa kivuli cha manyoya, wawili rangi ya mama yao, wawili weusi. Wiki ya pili walitambaa hovyo hali wamefumba macho, na Mchanga akawa anawarudisha mmoja mmoja kwa meno bila kumkwaruza hata mmoja. Siku ya 18 wa kwanza alifumbua jicho moja, la pili likafuata kesho yake. Siku ya 25 wote walikuwa wakitafuna ulezi. Usiku tulisikia ngoma ya miguu ya nyuma, na sasa kulikuwa na wa kuisikia.

Arobaini ilipokwisha, mama alipiga simu ya picha. Tuliwaonyesha watoto viganjani, mmoja mmoja. “Wazuri,” alisema mama yangu wa Lushoto. “Wana macho ya watoto wa mbuzi.”

Binti dhidi ya mama

Daktari wa wanyama aliwakagua: madume wawili, majike wawili. Madume walikuwa lazima waondoke kabla ya wiki ya nane, la sivyo wangempa mama yao na dada zao mimba. Waliondoka wakiwa na wiki saba, pamoja, kwenda kwa familia moja. Ndugu wa kiume waliokua pamoja huishi kwa amani kwa kawaida, na hatukutaka kumtoa hata mmoja akaanze upya peke yake.

Wakabaki Mchanga na binti zake wawili. Tuliona kazi imekwisha. Mwenzi tuliyekuwa tukimtafuta alikuwa ametoka tumboni mwake. Nani angemfaa zaidi ya damu yake?

Mwanamama wa kituo alitutahadharisha: majike wawili hukaa vizuri, watatu ni mtihani. Katika familia ya porini ni jike mmoja anayezaa, na binti akikomaa huweza kukitaka kiti hicho. Tulisikia, tukatumaini.

Juni ilipofika, binti mweusi alikuwa na miezi mitano kasorobo na amempita mama yake uzito. Kwanza alimfukuza kutoka kwenye bakuli. Kisha Mchanga akaacha kulala kwenye tandiko, akawa analala juu, kwenye pembe ileile ya kioo aliyokuwa akiichimba mwezi Januari. Asubuhi ya Jumapili tulimkuta na jeraha chini ya mgongo na manyoya yamenyonyoka kwenye mkia. Tulimtoa saa ileile.

Kuna jambo kuhusu jerbili ambalo sikulipenda, na ambalo ni kweli. Ukishamtoa mmoja kwa siku moja au mbili, huwezi kumrudisha tu. Harufu ya ukoo hufifia upesi. Mama aliyewabeba tumboni, akawanyonyesha, akawarudisha kwa meno walipopotea, alikuwa tayari mgeni kwao. Binti yangu aliniuliza kama wamemsahau. Nilimwambia hawana ubaya. Kwao undugu hauishi ndani ya damu, unaishi katika kulala pamoja kila usiku. Nilipomaliza kusema hivyo nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na mama niliyekuwa sijalala naye nyumba moja kwa miaka sita.

Ukuta wa wavu

Mchanga alitibiwa, akapona, na tukarudi tulikoanzia: tangi moja, jerbili mmoja, pembe ya kioo. Safari hii hakukuwa na mimba, na umri ulikuwa unasonga. Jerbili huishi miaka mitatu au minne. Mwaka mmoja wa upweke kwake ni robo ya maisha au zaidi.

Njia zilikuwa tatu. Jike mwingine mzima: hatari. Dume mzima: watoto wengine, ambao tayari dunia haina nafasi kwao. Dume aliyehasiwa: huyo ndiye mwenzi bora kwa jike mzima, kwa sababu hawagombei kiti kimoja. Kituo kilikuwa na mmoja, wa miaka miwili, aliyefiwa na ndugu yake wakati wa baridi. Alikuwa amehasiwa miezi mitatu kabla. Muda huo una maana, kwani baada ya upasuaji mbegu hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, na haraka hapo huzaa uzao wa bahati mbaya. Kwa jerbili upasuaji huo si mdogo, wala haufanywi na kila daktari. Kumpata aliyekwisha kuupona ilikuwa bahati yetu.

Hatukuwakutanisha. Tuligawa tangi katikati kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo yasiyopitisha pua, mara mbili, nyavu mbili zikiachana kidogo ili wasing’atane. Mchanga upande wa kulia, mzee wa watu upande wa kushoto. Mara tatu kwa siku tuliwabadilisha pande: huyu akalala kwenye tandiko la yule, yule akala katika bakuli la huyu. Hatukubadilisha maranda. Nia ni kwamba harufu mbili zichanganyike polepole, hadi kila mmoja aamke asijue ipi ni yake.

Siku ya kwanza Mchanga alipiga ngoma kutwa. Siku ya tatu aling’ata wavu. Siku ya tano alitandaza tumbo lake juu ya tandiko la mwenzake na kuliburuza huku na huku, akitia muhuri. Mama alikuwa akipiga simu kila jioni, na swali lake la kwanza halikuwa tena hali ya hewa.

“Bado anagomba?”

“Bado, mama.”

“Mwacheni agombe. Nyumba ni yake.”

Siku ya tisa dume alileta kipande cha karatasi hadi kwenye wavu, akakiacha hapo. Siku ya kumi Mchanga alikuwa amehamisha tandiko lake lote, kijiti kwa kijiti, kutoka ile pembe ya kioo hadi katikati. Alijenga penye ukuta. Upande wa pili dume naye alikuwa amejenga vilevile, na kati ya viota viwili hakukuwa na kitu ila waya.

Mwanamama wa kituo alikuwa ameniambia nitafute dalili hiyo. Hata hivyo nilisubiri siku nne zaidi. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba huruma isiyongoja inaweza kuua, na kwamba mpweke hahitaji kuletewa mtu yeyote. Anahitaji apewe muda wa kumfanya mtu kuwa wake.

Jioni ya siku ya 14, mwishoni mwa Julai, tulivaa glavu, tukaweka bakuli karibu, na binti yangu akaelekeza simu kwenye tangi ili bibi yake aone. Tiketi mbili za Desemba zilikuwa juu ya meza, kutoka Leicester hadi Tanga kwa kupitia Dar es Salaam. Nilikuwa nimezilipia wiki ile Mchanga alipofukuzwa. Huko Tanga ilikuwa usiku tayari. Mama alisogeza uso karibu na kioo cha simu hadi tukaona paji la uso tu.

“Wamelalaje?” aliuliza.

“Mgongo kwa mgongo, mama. Wamegemea wavu.”

“Basi wameshaoana hao,” alisema. “Toeni ukuta.”

Tuliuvuta taratibu. Mchanga aliinua kichwa, akanusa hewa palipokuwa na waya. Dume aliinama, akaingiza pua chini ya kidevu chake, kama mtoto anayeomba kupanguswa. Mchanga alimtazama. Kisha akaanza kumlamba sikio.